Visima vya Ngazi vya Gujarat: Urithi Unaosomwa kwa Kushuka

Mgeni anayefika Patan, mji ulio kaskazini mwa jimbo la Gujarat huko magharibi mwa India, anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye jengo mashuhuri kuliko yote ya mji huo na bado asilione. Hakuna mnara wala kuba, wala ukuta unaochomoza juu ya nyasi. Ardhi ni tambarare hadi pale inapofunguka ghafla miguuni pake, na ngazi za mawe kuanza kuteremka ghorofa baada ya ghorofa, saba kwa jumla, mpaka kina cha mita 27 hivi. Hiyo ndiyo Rani ki Vav, yaani Kisima cha Malkia, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014, na ambayo tangu mwaka 2018 picha yake iko mgongoni mwa noti ya India ya rupia 100.

Wageni wengi hutatizwa na swali dogo tu: hiki ni kitu gani hasa? Ukikiita kisima, utashindwa kueleza mamia ya sanamu za miungu zilizopangwa kutani. Ukikiita hekalu, utashindwa kueleza kwa nini watu walikuja hapa na mitungi. Ukikiita baraza la kupumzikia jua linapochoma, hutakuwa umekosea, ila utakuwa umesema theluthi moja tu ya habari. Fumbo hili haliishii Patan. Karibu kila kumbukumbu kubwa ya kale katika Gujarat, na mila nyingi za wananchi zinazoizunguka, hugoma kukaa katika visanduku tulivyozoea vya dini, sanaa na matumizi. Njia nyepesi ya kulifumbua, kwa maoni yangu, ni kuyafuata maji: nani aliyachimba, nani aliyateka, na nani alizuiwa kuyagusa.

Tuanze na mvua. Sehemu kubwa ya Gujarat hupata karibu mvua yake yote kati ya Juni na Septemba, ikiletwa na pepo zile zile za kusi ambazo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walizitumia kwa karne nyingi kuelekea Bara Hindi. Miezi iliyobaki ni mikavu, na upande wa kaskazini-magharibi, katika eneo la Kutch, jangwa la chumvi linaloitwa Rann huwa jeupe mithili ya shuka iliyotandazwa juani. Kwa hiyo maji ya chini ya ardhi hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa ndani ya mwaka mmoja. Kisima cha kawaida cha kamba na ndoo hutosha kwa kaya chache. Lakini mji mzima, pamoja na misafara ya wafanyabiashara na mifugo yao, huhitaji mahali ambapo watu wengi wanaweza kuyafikia maji kwa wakati mmoja, yawe juu baada ya masika au yamezama sana mwishoni mwa kiangazi.

Jibu la mafundi lilikuwa vav, kisima cha ngazi. Huchimbwa shimo la mviringo mpaka kwenye maji, kisha kutoka upande mmoja huchimbwa mfereji mrefu wenye ngazi unaoteremka taratibu hadi kukutana na shimo hilo. Mteka maji hushuka mpaka pale maji yalipo siku hiyo. Yakiwa juu, safari yake ni fupi. Tatizo ni kwamba kuta za mfereji wenye kina kama hicho husukumwa na udongo kutoka pande zote mbili na zinaweza kuporomoka. Ndiyo maana kila baada ya hatua kadhaa mafundi walisimamisha nguzo na mihimili inayokaza ukuta mmoja dhidi ya mwingine, na juu ya mihimili hiyo wakaweka dari, wakapata vibanda vyenye kivuli vilivyopandana ghorofa kwa ghorofa. Uzuri unaowashangaza watalii leo ulizaliwa na hofu ya ukuta kuanguka. Vibanda hivyo vikawa baraza za asili, kwa kuwa huko chini hewa ni baridi kuliko juu hata wakati wa joto kali la Mei.

Ustadi huu haukutoka hewani. Katika kisiwa cha Khadir, kilichozungukwa na Rann ya Kutch, yako magofu ya Dholavira, mji wa ustaarabu wa Bonde la Indus ulioanza kukaliwa karibu mwaka 3000 KK na kuachwa yapata mwaka 1500 KK. Wakazi wake walijenga kati ya vijito viwili vya msimu, Mansar na Manhar, wakavizuia kwa mabwawa madogo na kuyaelekeza maji katika mahodhi makubwa, mengine yakiwa yamechongwa ndani ya mwamba wenyewe na kuwekewa ngazi za kushukia. Maandishi yao hakuna aliyefaulu kuyasoma mpaka leo. Mahodhi yao, kinyume chake, yanasomeka bila mkalimani.

Kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, haina nakshi yoyote. Ni mwamba mmoja mkubwa chini ya mlima Girnar, karibu na Junagadh. Katika karne ya 3 KK, Mfalme Ashoka aliamuru amri zake kumi na nne zichongwe juu yake. Yapata mwaka 150 BK, mtawala Rudradaman aliongeza maandishi yake kwa Kisanskrit, na anachokisimulia kwa fahari ni ukarabati wa tuta la bwawa. Anaeleza kwamba ziwa la Sudarshana lilijengwa zamani za Chandragupta Maurya, babu yake Ashoka, kisha likakamilishwa kwa mifereji enzi ya Ashoka mwenyewe. Kwamba dhoruba kali ililibomoa tuta na kuacha ufa wa dhiraa 420. Na kwamba yeye alilijenga upya kwa fedha za hazina yake bila kuwatoza watu kodi wala kuwafanyisha kazi za shuruti. Miaka mia tatu baadaye, katikati ya karne ya 5 BK, tuta likabomoka tena, na liwali wa Mfalme Skandagupta akachonga juu ya mwamba ule ule habari za kulikarabati. Kwa hiyo jiwe moja linabeba sauti za tawala tatu zilizotofautiana kwa lugha, dini na asili, na mbili kati ya hizo zimekuja kutoa taarifa ya bwawa. Ziwa lenyewe halipo tena.

Ukiyajua hayo, Kisima cha Malkia kinaanza kueleweka. Ujenzi wake unahusishwa na Malkia Udayamati, mke wa Mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki, katika nusu ya pili ya karne ya 11. Huyo Bhima ndiye ambaye enzi yake, mwaka 1026 au 1027, lilisimamishwa hekalu la Jua la Modhera, si mbali na Patan, ambalo mbele yake kuna hodhi kubwa la ngazi lililozungukwa na vihekalu vidogo. Katika fikra za Wahindu wa zama zile, kuchimba kisima kwa ajili ya wapita njia kulikuwa tendo la thawabu, kama vile Mwislamu anavyoichukulia sadaka ya maji kuwa sadaka inayoendelea baada ya mtoaji kufariki. Maji yakiwa matakatifu, mahali yanapotekwa pakawa patakatifu pia. Ndiyo sababu kuta za Rani ki Vav zimejaa sanamu kubwa zaidi ya 500 na ndogo zaidi ya elfu moja: Vishnu katika maumbo yake mbalimbali, na baina ya miungu hiyo, wanawake wanaojipamba, wanaojitazama kwenye vioo, wanaokamua nywele baada ya kuoga. Na kule mwisho kabisa, juu ya maji, Vishnu amelala juu ya nyoka wake katika bahari ya mwanzo wa ulimwengu. Mchongaji hakumweka hapo kwa bahati. Alitaka maji halisi yaliyo chini na bahari ya hadithi yawe kitu kimoja machoni pa anayeshuka.

Kisha mto Saraswati ukafurika, ukakijaza kisima matope, kikafukiwa kwa karne nyingi mpaka kilipofukuliwa katika karne ya 20. Matope hayo hayo ndiyo yaliyozihifadhi sanamu dhidi ya jua, upepo na mikono ya watu.

Hapa inafaa kugusa jambo linalowapotosha wasomaji wengi. Vitabu vya karne ya 19, vikiongozwa na kazi za Mskoti James Fergusson, viliyapanga majengo ya India kwa dini: haya ya Kihindu, yale ya Kijaini, yale ya Kiislamu. Mpango huo ni rahisi kukariri, lakini katika Gujarat unakwama kila hatua. Chukua visima viwili vinavyokaribiana kwa umri, vyote vikihesabiwa kuwa vya mwaka 1499 hivi, wakati Sultani Mahmud Begada akitawala. Cha kwanza kiko Adalaj, kaskazini mwa Ahmedabad, nacho ni cha Rudabai, mke wa chifu wa Kihindu wa ukoo wa Vaghela. Simulizi za mdomo husema kwamba chifu aliuawa vitani, sultani akamtaka mjane, naye akakubali kwa sharti kisima kimalizike kwanza. Kilipomalizika, akajitupa ndani. Cha pili kiko Asarwa, ndani ya Ahmedabad, nacho kilijengwa na Bai Harir, mwanamke Mwislamu aliyekuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya wanawake ya sultani. Kisima hiki kina maandishi ya Kiarabu upande mmoja na ya Kisanskrit upande mwingine, na yale ya Kisanskrit yanaeleza kwamba maji haya ni ya wanadamu, wanyama, ndege na mimea, wote wanaosumbuliwa na kiu kutoka pande zote nne. Ukivilinganisha vyote viwili, mpango ni ule ule, mihimili ni ile ile, maua yaliyochongwa ni ndugu wa damu. Mwanamke mmoja alimwomba Mungu kwa jina hili, mwingine kwa jina lile, lakini walioshika patasi walikuwa wanafunzi wa shule moja ya ufundi.

Mfano wa pili unatoka Veraval, bandari iliyo jirani na hekalu la Somnath, mahali panapotajwa mara nyingi kwa sababu ya uvamizi wa Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, katika karne ya 11. Yako maandishi ya mwaka 1264, kwa Kiarabu na Kisanskrit, yanayoeleza jinsi mwenye merikebu kutoka Hormuz aitwaye Nuruddin Firuz alivyojenga msikiti hapo kwa ushirikiano na wakuu wa mji wa Somnath. Maandishi ya Kisanskrit yanataja tarehe kwa kalenda nne, ya Hijra ikiwa mojawapo, na cheo cha mtu huyo ni neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kufafanuliwa: nakhuda, yaani nahodha. Uvamizi ulikuwa kweli, na mkataba huu wa amani ulikuwa kweli vilevile. Anayesimulia kimoja na kukificha kingine anafanya siasa.

Sasa tuyaache mawe tuwasikilize watu, kwa sababu mfalme hakuchimba kisima kwa mikono yake. Wachimbaji walikuwa watu wa jamii ya Od, waliohama na wake na watoto wao kutoka kazi moja ya udongo hadi nyingine. Karibu na Rani ki Vav yako mabaki ya Sahasralinga, hodhi kubwa lililojengwa na Mfalme Siddhraj Jaisinh, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 11 na mwanzoni mwa karne ya 12. Wimbo na tamthilia za wananchi husimulia kwamba mfalme huyo alimtamani Jasma, mwanamke wa Ki-Od aliyekuwa akibeba karai la udongo. Jasma alimkataa, mfalme akamwua mumewe, naye kabla ya kujiua akalilaani hodhi lisishike maji kamwe. Kisa hiki kimeigizwa kwa vizazi na vizazi katika bhavai, michezo ya jukwaani ya vijijini ambayo huchezwa usiku uwanjani, ikitangulizwa na mlio wa tarumbeta ndefu za shaba, na ambayo asili yake huhusishwa na Asaita Thakar wa karne ya 14. Sifa za wafalme zilichongwa kwenye mawe; lawama dhidi yao zilihifadhiwa katika wimbo, ambao hauhitaji ruhusa ya mtu.

Simulizi inaendelea, na hapa inakuwa chungu zaidi. Laana ingeondoka tu kwa kafara ya mwanadamu, na aliyechaguliwa alikuwa Mayo, kijana mfumaji wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Mayo alikubali kufa, ila akaweka sharti kwamba watu wake waondolewe fedheha walizolazimishwa kuzibeba, ikiwemo kutundika chungu shingoni ili mate yao yasiguse ardhi. Wafuasi wake wanamwenzi hadi leo kwa jina la Veer Mayo, yaani Mayo shujaa. Kama yalitokea hivyo au la, simulizi hii inasema jambo ambalo jiwe halisemi: watu wa tabaka la Mayo ndio waliokatazwa kuteka maji katika visima vya wengine, katika Gujarat na kwingineko India, kwa karne nyingi. Kisima cha Bai Harir kiliahidi maji kwa ndege na mimea. Kijijini, jirani wa damu na nyama aliambiwa akae mbali.

Waliofungiwa mlango nao walijitengenezea chao. Jamii ya Wavaghari, ambayo siku hizi hujiita Devipujak, yaani waabudu wa mungu wa kike, haikuruhusiwa kuingia hekaluni. Wakachora hekalu juu ya kitambaa. Kazi hiyo huitwa Mata ni Pachedi: mungu wa kike huketi katikati, amezungukwa na nguzo, waabudu na wanyama, kwa rangi nyeusi, nyekundu iliyoiva na nyeupe ya kitambaa chenyewe. Kitambaa kinatundikwa, na pale kilipotundikwa ndipo penye hekalu. Familia zinazoendeleza kazi hii Ahmedabad huzifua nguo hizo katika mto Sabarmati, maana rangi huhitaji maji yanayotembea ili isichafue weupe. Maji yaliyosimama hayafai. Kwa mara nyingine tunarudi majini.

Hata garba, ngoma maarufu kuliko zote za Gujarat, iliyoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2023, inazunguka chungu. Jina lake hutokana na neno la Kisanskrit lenye maana ya tumbo la uzazi. Katika usiku tisa wa sikukuu ya Navratri, chungu cha udongo chenye matundu huwashwa taa ndani na kuwekwa katikati, na wanawake huzunguka wakipiga makofi na kuinama, duara lao likisogea kama wakati wenyewe. Chombo kile kile kilichobebwa kichwani mchana kikiwa na maji, usiku hubeba mwanga. Siku hizi garba huchezwa pia na wanaume, katika viwanja vyenye vipaza sauti vikubwa, na Wagujarati wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi huicheza kila mwaka. Ila kitovu cha duara ni kile kile.

Kuna kipande cha urithi huu ambacho kinatuhusu moja kwa moja. Katika Ahmedabad upo msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati majeshi ya Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, yalipokuwa yakiuangusha usultani wa Gujarat. Madirisha yake ya mawe yametobolewa kwa umbo la mti ambao matawi yake yamesukana kwa wepesi unaomfanya mtu asahau kwamba anatazama jiwe, na mti huo umekuwa nembo isiyo rasmi ya mji. Aliyeujenga ni Sidi Saiyyed, na neno Sidi humaanisha mtu wa asili ya Afrika. Wazao wa Waafrika waliofika Gujarat, wengine kama watumwa, wengine askari na mabaharia, wapo mpaka leo katika vijiji kama Jambur na kandokando ya kaburi la walii Bava Gor huko Ratanpur, karibu na machimbo ya akiki. Shanga za akiki kutoka Gujarat zimefukuliwa katika miji ya kale ya pwani yetu, na kwa imani ya Masidi, Bava Gor ndiye aliyeanzisha kazi ya jiwe hilo. Masidi husema Kigujarati. Lakini ngoma wanayomchezea walii wao, kwa manyoya na ngozi za wanyama, wakirusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa, huiita goma. Neno limevuka bahari, likapoteza herufi moja tu ya mwanzo.

Visima vyenyewe viliachwa vipi? Lawama hupenda kuwaangukia Waingereza, na ni kweli kwamba watawala wa kikoloni waliviona kuwa vichafu, wakawavunja watu moyo wa kuvitumia na kupendelea mabomba na pampu. Hata hivyo hoja yao ya afya haikuwa ya kubuni: mnyoo wa Guinea huenezwa pale mgonjwa anapoingiza mguu wenye kidonda ndani ya maji ya kunywa, na kisima ambacho kila mtu hukanyaga ndani yake ni mahali pazuri mno kwa mnyoo huyo. India ilithibitishwa kuwa haina ugonjwa huo mwaka 2000 tu. Pigo kubwa zaidi, nadhani, lilikuja baada ya uhuru, pale mashine za kuchimba visima virefu zilipoenea mashambani na maji ya ardhini yakazama chini kuliko ngazi yoyote iliyochongwa. Vav nyingi leo zina ngazi zinazoshuka hadi kwenye vumbi.

Idara ya Akiolojia ya India huzilinda zile mashuhuri. Nyingi nyingine zimekuwa majalala, na baadhi zimegeuzwa kuwa kitu ambacho mafundi wa awali wasingekishangaa. Hapo hapo Asarwa, mwendo mfupi kutoka kisima cha Bai Harir, ipo vav nyingine iliyo ya zamani zaidi, inayoitwa ya Mata Bhavani. Kule chini, ambako zamani mtu alijaza mtungi, pana madhabahu ya mungu huyo wa kike. Wanawake wa mtaa hushuka ngazi zile zile wakiwa na maua na nazi, huwasha taa, huketi kidogo penye baridi wakizungumza, kisha hupanda kurudi juani.